Mgeni Asiyeruhusiwa Kushika Jembe

Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Ndivyo tulivyofundishwa. Mwezi Mei mwaka huu, hapa kwetu Leicester, tulipata mgeni ambaye hata angekaa mwezi mzima usingeweza kumpa jembe. Si kwamba ni mvivu. Mtawa wa Kibuddha wa madhehebu ya Theravada hushika kanuni 227, na mojawapo inamkataza kuchimba ardhi. Inayofuata inamkataza kukata au kung'oa mmea ulio hai. Kwa hiyo ukimpa jembe umempa kesi.

Nitamwita Bhante, kwa sababu ndivyo watu wa kawaida wanavyowaita watawa hao. Ni neno la heshima. Zamani nilimwita kwa jina lake, tena kwa kupayuka, maana alikuwa nesi mwenzangu. Mimi nilikuja Uingereza na diploma yangu kutoka Tanga, yeye na ya kwao Sri Lanka. Tukakutana wodi moja, tukasomea digrii pamoja huku tunafanya kazi, tukagawana chupa ya chai ya tangawizi kwenye zamu za usiku. Saa tisa za usiku, wakati kope zinakuwa nzito kama mawe, yeye ndiye aliyekuwa na vichekesho.

Aprili 2020 baba yangu alifariki Tanga. Ndege zilikuwa zimesimama. Wengi mnaosoma hapa mnaujua msiba wa namna hiyo: unasikiliza dua kwa simu, mtandao unakatika, ukirudi hewani mtu ameshafukiwa. Mwenzangu huyu alichukua zamu zangu tatu bila kuombwa. Jioni alileta sufuria ya wali na dengu za nazi, akaiweka mlangoni, akabisha hodi, akarudi nyuma hatua mbili kama sheria za korona zilivyotaka, akasimama tu. Hakusema neno lolote la dini. Alisema, "Kula kabla hakujapoa."

Mwaka uliofuata aliacha kazi, akagawa gari na televisheni yake, akaingia kwenye monasteri kusini mwa Uingereza. Mwaka mmoja alivaa nguo nyeupe kama mwanafunzi, mwaka wa pili akawa mtawa mdogo, kisha akapewa daraja kamili. Tukawa tunasikiana kwa barua, mara mbili tatu kwa mwaka.

Sasa mwezi Mei ikaja barua pepe kupitia ofisi ya monasteri. Sista aliyekuwa mkuu wa wodi yetu, mama aliyetufundisha kazi sote wawili, alikuwa hospisi, kwenye nyumba ya kuwatunza wagonjwa walio karibu na mwisho wao, umbali wa dakika kumi kwa miguu kutoka kwangu. Alikuwa ameomba kumwona Bhante. Mwalimu wake ameruhusu. Je, tungeweza kumpa mahali pa kulala kwa usiku tatu?

Kwa upande wangu jibu lilikuwa limeshatoka siku ya sufuria ile. Lakini nyumba ya Mswahili haina mwenyeji mmoja. Mama mkwe wangu, aliyeko Dar es Salaam, alimwuliza mumewangu kwa sauti ya WhatsApp ya dakika nne kama tumeishiwa na Waislamu huko Ulaya hata tukaribishe waabudu sanamu mbele ya watoto. Sikumkasirikia. Ni mtu mzima, ana hofu ya wajukuu kupotea ughaibuni, na hofu hiyo sisi wenyewe tunayo. Mume wangu alikwenda kumwuliza sheikh wa msikiti tunaosali. Sheikh akamfungulia Suratul Mumtahina, aya ya 8, ambayo haikatazi kuwatendea wema watu wasiotupiga vita kwa ajili ya dini. Akaongeza maneno mawili ya kwake: chakula ni ukarimu, ibada ni ibada, visichanganywe.

Mimi nilimpigia mama yangu mzazi. Aliuliza swali moja tu. "Ndiye yule aliyekuletea chakula siku ya msiba wa baba yako?"

"Ndiye, mama."

"Basi apikiwe."

Baada ya hapo ndipo kazi ilipoanza, kwa sababu kumkaribisha mtawa wa namna hii si kama kumkaribisha binamu kutoka Birmingham. Ofisi ya monasteri ilitutumia maelezo ya kurasa mbili. Nimeyasoma kama ninavyosoma maelekezo ya mgonjwa mpya: kwanza yale yanayoweza kuleta madhara.

La kwanza lilikuwa malazi. Mtawa hawezi kulala chini ya paa moja na mwanamke. Hata na mwanamume asiye mtawa, hawezi kulala nyumba moja zaidi ya usiku tatu mfululizo. Hapo mume wangu alicheka: hata Buddha alijua mambo ya siku mbili na siku ya tatu! Nyumba yetu ina vyumba vitatu na wanawake wawili, mimi na binti yangu. Tukamtengenezea kibanda cha bustani, kile cha mbao ambacho majirani huwekea mashine za kukatia nyasi. Tulikipiga deki, tukatandika godoro chini, maana hatumii kitanda kirefu, tukaweka taa na blanketi mbili. Niliona haya. Kwetu mgeni wa heshima hupewa chumba cha wenyewe, wenyewe wakalala sebuleni. Bhante alipokiona kibanda alisema ni kikubwa kuliko alichonacho monasterini, na nilipomwona jinsi alivyokuwa akipanga vitu vyake viwili vitatu, nilijua hasemi kwa adabu tu.

Jambo jingine lilikuwa kukaa faragha. Hawezi kukaa na mwanamke peke yao mahali palipojificha, wala hagusani na mwanamke. La kutogusana halikunipa shida; sisi tuliolelewa pwani hatushangai mwanamume anayeweka mkono kifuani badala ya kuutoa. Lakini hilo la kutokaa peke yetu lilinichoma, nami nilimwambia wazi, mume wangu akiwa pale. Tumekaa wawili zamu ngapi za usiku, tumefunga maiti wangapi pamoja, leo niwe hatari? Alijibu kwamba kanuni haisemi mimi ni hatari. Inasema yeye asiwahi kulazimika kuthibitisha lolote, na mimi nisiwahi kulazimika kumtetea. Bado sikulipenda. Ila nililielewa.

Halafu chakula, na hapo ndipo Mswahili anapopata mtihani.

Mtawa wa Theravada hula kati ya alfajiri na mchana jua linapofika kati. Baada ya hapo hali tena mpaka alfajiri ya pili. Na jua kufika kati si saa sita ya saa ya ukutani. Waingereza husogeza saa mbele wakati wa kiangazi, kwa hiyo mwezi Mei hapa Leicester jua hufika kati saa saba na dakika moja hivi. Monasteri nyingine hufuata saa ya ukutani, nyingine hufuata jua. Ya Bhante hufuata jua. Nilianza kutafuta hesabu hiyo kwenye intaneti, mume wangu akanionyesha simu yake. Programu ya nyakati za swala! Adhuhuri huingia jua likishapinduka tu, na mlo wa mtawa hukoma hapo hapo linapotaka kupinduka. Ikawa siku zote tatu adhana ya simu ndiyo inayotuambia kwamba Bhante ameshamaliza kula na sisi tukatawadhe. Nikamweleza kwamba hata saa ya Kiswahili huhesabiwa hivyo, kwamba saa sita kwetu ni saa ya sita tangu kupambazuka. Alifurahi kuliko nilivyotarajia. Alisema miaka yote niliyokuwa nikimwandikia saa za zamu "kimakosa" sasa ameelewa.

Chakula lazima apewe mkononi. Ukiweka sinia mezani ukasema "karibu," atakaa akitazama. Lazima mtu asiye mtawa akiinue chombo, amsogelee karibu kiasi cha kufikika kwa mkono, ampe. Akishapokea, mwingine asikiguse, vinginevyo apewe upya. Mdogo wetu, mwenye miaka minne, siku ya kwanza aligusa bakuli la mchicha mara tatu, na mara tatu kaka yake akalitoa na kulirudisha kwa heshima zote kama mhudumu wa hoteli. Kuanzia siku ya pili watoto waligombania kazi hiyo. Machungwa nayo yana utaratibu wake: tunda lenye mbegu inayoweza kuota halili mpaka mtu alifanye lifae. Bhante huuliza kwa Kipali, mtoto humjibu kwa Kipali huku akilitoboa kwa uma. Binti yangu wa miaka tisa alitoboa machungwa ambayo hakuna aliyepanga kuyala.

Jambo lililonigusa zaidi ni nyama. Kwetu mgeni wa heshima huchinjiwa. Ukifika shamba kwa shangazi, ukasikia kuku anakimbizwa nyuma ya nyumba, unajua umethaminiwa. Mtawa huyu si lazima awe mla majani. Anaweza kula samaki au kuku akipewa. Lakini mnyama akiwa amechinjwa kwa ajili yake, na yeye ameona, amesikia au ameshuku hivyo, hamli. Yaani heshima kubwa kabisa tuliyo nayo ndiyo hasa inayokiharibu chakula chake. Tena ziko nyama kumi asizokula kwa hali yoyote, miongoni mwake tembo, farasi, mbwa, nyoka, simba na fisi. Mwanangu wa kiume alitaka kujua ni nani huyo aliyekuwa akila fisi mpaka ikabidi waandikiwe. Hatukupata jibu la kuridhisha.

Nikapika vyakula vya nyumbani visivyo na utata: wali wa nazi, kunde za nazi, mchicha, muhogo. Leicester ina baraka hiyo. Wahindi waliofukuzwa Uganda na Idi Amin mwaka 1972 wengi walihamia hapa, na maduka yao yanauza muhogo, nazi, maembe na sukari guru kama uko sokoni kwenu. Bhante alipoonja wali akanyamaza kidogo. Kwao Sri Lanka wali hupikwa kwa tui katika siku za heri, ukakatwa vipande kama keki. Bahari ni moja, na nazi ni ile ile.

Kilichonishinda ni kutomlazimisha. Unajua desturi yetu: mgeni akisema ameshiba unamwongeza, akikataa unaapa, akiapa unamwambia hajakipenda chakula. Kwake neno la kwanza ndilo la mwisho. Na jioni, sisi tunakula chapati na maharage, yeye yuko kibandani na kikombe cha chai ya rangi isiyo na maziwa, kwa sababu maziwa ni chakula. Asali anaruhusiwa. Siku ya kwanza chapati hazikunipita kooni. Siku ya pili nikakumbuka kwamba kila Ramadhani wenzangu kazini hunionea huruma ya namna hiyo hiyo, nami huwa naichoka.

Ukizitazama kanuni hizi moja moja unaona makatazo tu. Nilipozipanga pamoja nikaona kitu kingine. Hapiki. Hashiki pesa, kwa hiyo hanunui. Mume wangu alimfuata kwa gari na kumrudisha. Haweki chakula cha leo kwa ajili ya kesho. Halimi, hachumi hata embe lililoiva juu ya kichwa chake. Mtu huyu amefungwa makusudi asiweze kuishi siku moja bila watu wengine. Mtu anayetaka kuwakimbia watu angeacha angalau mlango wa kujipikia. Hawa wamejifungia mlango huo wenyewe.

Sisi wa ughaibuni tumejengwa kinyume chake. Tunasifiwa kwa kutomsumbua mtu. Tunatuma hela, hatuombi. Kazini namwona mzee aliyekuja hapa miaka ya sitini, anaanguka bafuni mara ya tatu, bado anasema "niko sawa, binti yangu, usijisumbue." Kupokea msaada bila kujiona umedhalilika ni ufundi, na wengi tunaufikia tukiwa tumechelewa, kitandani. Bhante anaufanya kila asubuhi kwa kunyoosha mikono miwili. Hanyenyekei wala hajitutumui. Anapokea tu.

Hospisi tulikwenda watatu, mimi, yeye na mume wangu. Sista alikuwa amepungua mpaka pete zilifungwa kwa uzi zisidondoke, lakini akili ilikuwa yake. Alimtazama mwanafunzi wake wa zamani, kichwa kimenyolewa, amevaa vazi la rangi ya udongo, akamnyooshea mkono. Mtu aliyewahi kushika mikono ya mamia ya wagonjwa akakunja viganja vyake kifuani akamweleza kwa upole kwamba hawezi. Nilikasirika. Sista akacheka mpaka akakohoa. "Afadhali," alisema. "Mikono yako siku zote ilikuwa ya baridi."

Mkono niliushika mimi. Yeye alikaa kwenye kiti saa nzima. Waliongea kidogo, walinyamaza sana. Alimsimulia kisa ambacho watawa hufundishwa: Buddha na mwanafunzi wake Ananda walimkuta mtawa anaumwa tumbo la kuhara, amelala kwenye uchafu wake, hakuna anayemhudumia. Wakamwosha wao wenyewe, wakamlaza, kisha Buddha akawaambia watawa kwamba anayetaka kumhudumia yeye na amhudumie mgonjwa. Na sifa za muuguzi mwema zimetajwa humo: ajue kuandaa dawa, ajue kinachomfaa mgonjwa na kisichomfaa, ahudumu kwa huruma si kwa kutaka faida, asichukie mkojo, kinyesi na matapishi, na aweze kumpa mgonjwa maneno ya kumtia moyo. Sista alifumba macho. Akasema ni orodha nzuri, ila ingefaa iongezwe kuandika faili vizuri.

Njiani nilimwuliza kama hajutii kuuacha uuguzi. Alisema hajauacha. Monasterini kwao wako watawa wawili wazee, mmoja amepooza upande, na watawa hawana mke wala mtoto wa kuwauguza. Huwauguza wao kwa wao. Anageuza mgonjwa kila baada ya saa mbili, kama zamani.

Kuhusu dini, tulikaa kwa namna tuliyokubaliana mapema, nami nawashauri mfanye hivyo. Yeye ndiye aliyeanza kuuliza. Desturi yao ni kusoma maneno ya baraka kwa Kipali baada ya mlo. Akataka kujua kama asome au anyamaze. Mume wangu akamwomba aseme kwa lugha tunayoielewa, ili watoto wasikie kinachosemwa. Akasema mafupi: katika mafundisho yao, anayetoa chakula ametoa vitu vitano, maisha, nuru ya sura, furaha, nguvu na wepesi wa akili. Basi. Mume wangu akasoma dua yetu, tukaitikia amin. Hatukumsujudia, na hakutarajia. Hakuja na sanamu. Tuliposali yeye alikaa bustani. Swali lilitoka kwa binti yangu: kama Bhante haamini Mungu aliyeumba, anamwomba nani? Akamjibu kwamba hilo amwulize baba yake na mama yake kuhusu imani ya nyumbani kwao, na yeye atamweleza kuhusu yake akishakuwa mkubwa na wazazi wakiridhia. Nilimrekodia mama mkwe jibu hilo. Sauti iliyorudi safari hii ilikuwa ya sekunde kumi na tano, akiuliza kama mgeni hasikii baridi huko kibandani.

Tuligundua pia kwamba si wageni sana kwetu. Upanga, Dar es Salaam, kuna hekalu la Kibuddha lililoanzishwa na Wasinhala waliokuja kufanya kazi zama za wakoloni, na mume wangu amepita mbele yake mara nyingi akielekea hospitali. Uganda yuko Bhante Buddharakkhita, Mganda wa kuzaliwa, aliyepata daraja la utawa mwaka 2002 na kuanzisha kituo cha Kibuddha karibu na Entebbe mwaka 2005.

Kama nawe rafiki yako ameingia utawa, au mwanao chuoni ameleta rafiki wa namna hii, uliza kabla hajafika. Si wote wanaoshika kanuni kwa ukali mmoja. Wako wanaokula jioni, hasa wa madhehebu ya Mahayana kutoka China na kwingineko, na wako wanaobeba simu na nauli. Uliza saa ya kula, nani ampe chakula, wapi alale, nani awepo mwanamume akija mgeni nyumba yenye mama peke yake. Uliza dawa: nyingi huruhusiwa saa yoyote, lakini kidonge kinachotaka chakula lazima kipangiwe asubuhi. Na usikasirike asiposema "asante" kwa namna uliyoizoea.

Sista alifariki wiki mbili baadaye. Bhante hakuweza kuja mazikoni. Aliandika barua, ikasomwa na mumewe.

Tangu mwezi wa Julai watawa wako kwenye kipindi cha mvua, miezi mitatu ya kukaa mahali pamoja, desturi iliyotoka India ya kale ambako masika yalizuia safari. Wakitoka huko, mwezi Novemba, ameomba tena usiku mbili. Safari hii mama yangu atakuwepo, viza imetoka, naye ameshaamua kumpikia vibibi vya nazi. Nimemwambia awahi kuwasha jiko. Ifikapo mwezi Novemba saa huwa zimesharudishwa nyuma, na adhuhuri hapa huingia kabla hata ya saa sita, saa tano na dakika arobaini na nane.